Bomba jipya la jiko la kuni linanuka: ulikomaze, uzibe maungio, urekebishe mvuto, au ulifungue upya?

Bomba la moshi likishafungwa na fundi akaondoka, mwenye jiko huwasha moto wa kwanza akitarajia joto na chumba safi, na mara nyingi anachokutana nacho ni harufu asiyoijua. Akiuliza, hupewa majibu manne yasiyopatana. Mmoja humwambia aendelee kuwasha mpaka harufu iishe yenyewe, mwingine humwambia azibe maungio, wa tatu humwambia kasoro iko kwenye mvuto wa dohani, yaani nguvu inayoupandisha moshi hadi nje, na wa nne humtaka auzime moto mara moja na kulifungua bomba lote. Wote wanne wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa kuwa kila mmoja anaieleza harufu aliyowahi kuinusa yeye. Makala haya yanaziweka njia hizo nne mbele ya vipimo vilevile, ili msomaji aanze na harufu iliyomo chumbani mwake ndipo achague njia.

Ninazungumzia jiko la kuni lenye bomba la chuma linalopita ukutani au darini hadi nje. Jiko la gesi lina utaratibu wake: harufu ya gesi mbichi haichunguzwi wala haingojwi, bali valvu hufungwa, swichi haziguswi, watu hutoka nje, na fundi wa gesi huitwa.

Jambo moja litangulie mengine yote. Kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo sumu kubwa ya moshi, haina rangi wala harufu. Kwa hiyo harufu kupungua si ushahidi kwamba hewa ya chumba imekuwa salama, na harufu kuzidi si ushahidi kwamba sumu imezidi. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe imefungwa na kujaribiwa kabla ya njia yoyote kati ya hizi kuanza. Kengele ikilia, au mtu akipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu jiko likiwa linawaka, watu watoke nje kwanza. Sababu itatafutwa baadaye.

Vigezo vya ulinganisho

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni dalili: njia husika inatibu harufu ya namna gani, na inatokea wakati gani. Cha pili ni kazi, yaani zana, ujuzi na siku zinazohitajika. Cha tatu ni hasara ya kukosea, maana yake kitakachotokea ukiichagua njia hiyo kumbe sababu ni nyingine. Cha nne ni mtu anayefaidika nayo zaidi. Kwangu mimi kigezo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu katika jambo hili kosa la kuchelewa kwa siku kumi halifanani hata kidogo na kosa la kuacha ubao uungue taratibu ndani ya dari.

Kabla ya kuchagua, itazame saa ya harufu

Watu wengi huanza kwa kuuliza harufu inafanana na nini. Swali hilo lina faida, lakini pua hudanganyika upesi: ukikaa chumbani robo saa, pua hukizoea kilichomo, na rangi inayoungua, mafuta ya kiwandani na plastiki hunusika karibu sawa. Swali linalotenganisha sababu vizuri zaidi ni hili: harufu inatokea saa ngapi katika maisha ya moto? Kuna nyakati nne za kuangalia. Huenda ikatokea joto la bomba linapopanda kufikia kiwango ambacho halijawahi kufika. Huenda ikatokea dakika za mwanzo za kuwasha tu, kisha ikaisha. Huenda ikaongezeka kadiri moto unavyokuwa mkali, tena ikatoka mahali bomba linapopenya ukuta au dari. Na huenda ikawapo hata jiko likiwa baridi.

Kwa siku tatu, andika kwenye karatasi saa ya kuwasha, saa ya harufu, mahali inaponuka zaidi, hali ya upepo, na kama feni ya jikoni au ya bafuni ilikuwa inazunguka. Kipimajoto cha sumaku kinachobandikwa kwenye bomba hugharimu kidogo na kitakusaidia sana hapa, ingawa kwenye bomba la kuta mbili husoma joto la ganda la nje, ambalo liko chini sana ya joto la moshi wenyewe. Ili usitegemee pua iliyochoka, toka nje dakika tano kisha urudi, au mwite mtu ambaye hajaingia chumbani siku hiyo.

Najua thamani ya karatasi hiyo kwa sababu niliwahi kungoja wiki mbili bila kuiandika. Harufu ilikuja kila nilipowasha na kuondoka bomba lilipopata moto, nami nikaambiwa ni rangi mpya. Siku moja nilimulika tochi nyuma ya kiwiko cha bomba, pale linapopinda, nikaona mchirizi wa kahawia, urefu wa kidole, umeshuka kutoka kwenye kiungo juu ya rangi nyeusi na kukauka ukiwa unang'aa. Nilipoukwangua kwa ukucha ulinuka moshi uliochanganyika na siki. Rangi haitoi mchirizi wa aina hiyo. Ningekuwa nimeandika kwamba harufu ilikuwa nguvu ileile kila asubuhi bila kupungua, ningejua siku ya nne.

Njia ya kwanza: kulikomaza bomba kwa moto wa hatua

Dalili. Njia hii ni ya harufu ya upya wenyewe. Rangi nyeusi ya mabomba na majiko hutengenezwa kwa utomvu wa silikoni ambao haukauki kabisa kiwandani. Hukomaa kwa joto la moto wa mwanzo, na unapokomaa hutoa mvuke wenye harufu kali na wakati mwingine ukungu mwepesi wa buluu. Pamoja na rangi huungua utando wa mafuta uliobaki kwenye bati tangu kiwandani, na, katika bomba lenye sufi ya madini kati ya kuta zake, gundi inayoishikanisha sufi hiyo. Alama ya kundi hili ni kwamba mvuke huonekana ukitoka kwenye uso wa bomba, si kwenye mstari wa kiungo, na kwamba harufu hupungua moto hadi moto kwa joto lilelile.

Maneno hayo ya mwisho, joto lilelile, ndiyo yanayosahaulika. Rangi iliyokwisha kupata nyuzi 150 za Selsiasi haitanuka tena kwenye nyuzi 150, lakini itanuka upya siku itakapofika 250. Ndiyo maana mtu anayewasha moto mdogo mdogo kwa kuikimbia harufu huishi nayo kwa wiki nyingi: kila usiku wa baridi kali anapoongeza kuni, bomba hufika kiwango kipya na harufu humrudia, naye hudhani tatizo limezaliwa upya. Vipande vya juu navyo huchelewa, kwa sababu viko mbali na jiko na hupata joto kamili mwisho.

Kazi. Kabla ya moto wa kwanza, futa bomba lote kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo na ulikaushe, kisha lizungushie mkono ukitafuta stika za kiwandani na nailoni za kufungashia, hasa upande unaotazama ukuta. Stika moja iliyosahaulika hunuka plastiki iliyoungua na huacha doa la kudumu. Baada ya hapo washa mioto mitatu inayopanda. Watengenezaji wa rangi hizi hutofautiana kidogo, na maelekezo ya bomba lako ndiyo ya kufuata, lakini mpangilio wa kawaida huanza na uso wa bomba kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi, ukafuata wa nyuzi 230 hivi, kisha wa 300 na kidogo, kila mmoja ukidumu angalau dakika 20 na jiko likiachwa lipoe katikati. Madirisha yawe wazi, watoto na wajawazito wawe mbali, na ndege wa kufugwa watolewe kabisa ndani ya nyumba kwa kuwa mapafu yao hudhurika upesi sana kwa mvuke wa aina hii. Rangi isiguswe ikiwa na joto, kwani hulainika kabla ya kukomaa na alama ya kidole hubaki.

Hasara ya kukosea. Njia hii ni rahisi na haihitaji zana, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu humpa mtu ruhusa ya kungoja. Mimi naiwekea mpaka: ikiwa bomba limekwisha kupata joto kamili mara tatu hadi tano na harufu haijapungua kwa kiasi ambacho mtu wa kutoka nje anakitambua, basi si rangi, na kila siku ya kuongeza ni siku ya kuvuta usichokijua.

Anayefaa. Ni mwenye bomba jipya kabisa, lililofungwa na fundi anayeaminika, ambaye harufu yake inatoka kwenye uso wa bomba na inashuka.

Njia ya pili: kuziba maungio

Dalili. Harufu ni ya moshi halisi, inanusika zaidi karibu na kiungo au kiwiko, na mara nyingi huja wakati wa kuwasha au kuongeza kuni. Wakati mwingine kiungo huonyesha masizi membamba kama unywele, au mchirizi wa kahawia kama ule nilioutaja.

Hapa pana jambo ambalo laiti lingejulikana zaidi, watu wasingepoteza saruji nyingi. Dohani inapovuta vizuri, shinikizo la ndani ya bomba huwa dogo kuliko la chumba. Kiungo chenye mwanya katika hali hiyo hakitoi moshi nje. Huvuta hewa ya chumba ndani. Kwa hiyo kiungo kinachotoa harufu kinakuambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba kina mwanya, na kwamba kwa wakati huo mvuto umekuwa dhaifu. Kijaribu kwa kijiti kinachofuka moshi: kisogeze polepole kuzunguka kiungo moto ukiwa umeshika vizuri. Moshi wa kijiti ukinyonywa kuelekea kiungo, mwanya upo lakini mvuto ni mzuri. Ukisukumwa mbali, mvuto ndio wa kushughulikiwa kwanza, nawe uende njia ya tatu.

Kazi. Kuziba kwa saruji ya kuhimili joto ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye mikono mitulivu. Jiko liwe baridi, kiungo kisuguliwe kwa brashi ya waya, saruji ipakwe kwa ndani ya mfuniko wa kiungo badala ya kurundikwa nje, kisha iachwe ikauke kadiri kopo linavyoelekeza kabla ya moto mdogo wa kwanza, kwani saruji mbichi ikipigwa na joto la ghafla hutokota, hupasuka na kuanguka. Kila kiungo cha bomba la ukuta mmoja kishikwe kwa skrubu tatu. Mwelekeo nao uhakikiwe: ncha ya chini ya kila kipande iingie ndani ya kipande kilicho chini yake, ili majimaji ya lami ya moshi, yaani moshi uliopoa na kugandia bombani, yanayoshuka yabaki ndani na kurudi motoni. Vipande vikipandwa kinyume, saruji haitasaidia kwa muda mrefu. Majimaji yale yana asidi na yatatafuta njia.

Silikoni ya kawaida ya madirishani haifai, kwa maana huanza kuharibika joto likikaribia nyuzi 200, na tepu ya alumini nayo gundi yake huungua ikaongeza harufu nyingine juu ya ile ya kwanza. Harufu ya siki iangaliwe kwa makini hapa. Silikoni nyingi hutoa harufu ya siki zinapokauka, na lami ya moshi iliyopoa hutoa harufu inayoikaribia. Ya kwanza huisha kwa siku moja au mbili, ya pili haiishi. Mabomba ya kuta mbili yanayofungwa kwa kuzungushwa kwa kawaida hayahitaji kizibo chochote, na kuyapaka saruji kunaweza kuyaharibu yasifunguke tena.

Hasara ya kukosea. Ukiziba bomba lisilovuta, umefunga mlango mmoja wa moshi na kuuacha utafute mwingine, yaani mlango wa jiko wenyewe. Harufu itapungua, na kaboni monoksaidi huenda isipungue.

Anayefaa. Ni mtu ambaye jaribio la kijiti limeonyesha mvuto mzuri, lakini maungio yake yana mianya, au yamepandwa kinyume na yuko tayari kuyageuza.

Njia ya tatu: kurekebisha mvuto

Dalili. Harufu ya moshi huja dakika za kuwasha, au mlango wa jiko ukifunguliwa, au upepo ukivuma kwa mikupuo, au feni ya jikoni ikiwashwa; au huja jiko likiwa baridi, hasa siku za mvua na unyevu, ikiwa kama masizi yaliyolowa. Kundi hili ndilo kubwa, na kwa maoni yangu ndilo linalosingiziwa rangi mara nyingi kuliko yote.

Moshi hupanda kwa sababu ni mwepesi kuliko hewa ya baridi inayouzunguka. Bomba likiwa limepoa, hasa lile lililopita nje ya ukuta wa nyumba, ndani yake hukaa nguzo ya hewa nzito ambayo moto mchanga hauwezi kuisukuma. Moshi hugonga nguzo hiyo na kurudi. Jaribio lake ni jepesi: kabla ya kuwasha kuni, choma karatasi moja iliyokunjwa ndani ya jiko, karibu na tundu la bomba lililo juu, mpaka uisikie hewa ikianza kuvuta. Harufu ya kuwasha ikitoweka siku hiyo, umeipata sababu.

Jaribio la pili ni la dirisha. Nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kukosa hewa ya kuchukua nafasi ya ile inayopanda dohani, na feni inayotoa hewa nje hushindana na dohani na mara nyingi huishinda, kwa sababu nguvu ya dohani ni ndogo sana, kiasi cha paskali (kipimo cha shinikizo) kumi na chache tu. Zima feni zote, fungua dirisha la chumba hicho kwa upana wa vidole viwili, kisha washa moto kama kawaida. Tofauti ikionekana, tatizo ni hewa ya kuingia. Tiba yake ni tundu la kudumu la hewa safi, au bomba dogo la kuleta hewa ya nje moja kwa moja kwenye jiko kama jiko lako lina nafasi hiyo. Bomba la moshi lenyewe unaliacha kama lilivyo.

Majaribio hayo yakishindwa, tazama umbo la bomba. Kila kiwiko hupunguza mvuto, na viwiko viwili vya nyuzi 45 hupitisha moshi kwa urahisi kuliko kimoja cha nyuzi 90. Sehemu inayolala iwe fupi, nayo ipande angalau sentimita 2 kwa kila mita. Ikiwa imelala sawasawa au imeshuka, masizi yatatulia humo. Watengenezaji wengi wa majiko hutaka dohani nzima ifike takribani mita 4 hadi 5, na kanuni inayotumika sana kuhusu paa ni kwamba ncha ipite juu ya paa kwa sentimita 90 mahali inapotokea, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Chini ya hapo, upepo unaopanda mgongo wa paa huushindilia moshi chini. Kofia ya juu yenye wavu wa matundu madogo nayo hufunikwa na masizi ndani ya wiki chache ikiwa kuni ni mbichi.

Kuni zenyewe zihesabiwe kama sehemu ya bomba. Mti uliokatwa karibuni unaweza kubeba maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kuni za jiko zinapaswa kuwa chini ya asilimia 20. Pasua gogo na upime unyevu kwenye uso uliopasuliwa sasa hivi, kwa sababu ganda la nje hukauka mapema na kukupa jibu la kufurahisha lisilo la kweli. Kuni mbichi hupoza moshi, moshi uliopoa hugandisha lami ndani ya bomba, na lami hiyo ndiyo inayonuka jiko likiwa baridi, hewa inaposhuka kinyumenyume hadi chumbani. Bomba la mwezi mmoja linaweza kufikia hali hiyo, kama limewashiwa kuni za aina hiyo kwa moto wa kubanwa hewa usiku kucha.

Kazi. Majaribio ni ya saa moja na hayahitaji pesa. Kuongeza urefu wa bomba, kuhamisha viwiko au kubadilisha kofia ni kazi ya fundi na ya kupanda paa, na isifanywe na mtu aliye peke yake.

Hasara ya kukosea. Ni ndogo katika majaribio, kwa kuwa dirisha lililofunguliwa halimdhuru mtu. Ni kubwa kidogo katika ujenzi: nimeona bomba likiongezwa kipande kizima cha mita moja kumbe feni ya bafuni ndiyo iliyokuwa ikivuta moshi.

Anayefaa. Ni mwenye harufu inayokuja na kuondoka kwa kufuata upepo, feni, baridi au mlango, na mwenye subira ya kubadilisha jambo moja baada ya jingine.

Njia ya nne: kuuzima moto na kulifungua bomba

Dalili. Harufu huongezeka moto unavyoongezeka, haipungui siku hadi siku, na hutoka ukutani, darini au kwenye shimo la kupitia: harufu ya mbao iliyokauka kupita kiasi, karatasi yenye joto, au vumbi linaloungua mahali pasipofikika kwa kitambaa. Ukiweka kiganja ukutani, mahali hapo hapavumiliki. Kundi la pili ni la bati lisilofaa kwa kazi hii, yaani bomba la mabati lililopakwa zinki na kufungwa karibu na jiko. Mipako hiyo haikukusudiwa kukaa juu ya nyuzi 200 hivi, zinki yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moto mkali wa kuni hufikisha joto hilo ndani ya bomba bila shida. Mpako ukizidiwa na joto hubambuka na kuchafua hewa.

Sipendi kumtisha mtu, lakini hapa nasema wazi. Mbao inayopashwa joto kwa miezi, hata isipowaka, hubadilika ndani yake na kuwa rahisi kushika moto kwa joto dogo kuliko awali. Nyumba inaweza kupita msimu mzima salama na kuungua msimu wa pili kwa moto uleule. Umbali unaotumika sana ni sentimita 46 kati ya bomba la ukuta mmoja na kitu chochote kinachoweza kuungua. Kwa bomba la kuta mbili mara nyingi ni sentimita 15, na kwa dohani yenye sufi ndani ni sentimita 5, ambazo ziachwe tupu kabisa. Lebo ya bomba lako na sheria za ujenzi za mahali ulipo ndizo zenye neno la mwisho. Bomba la ukuta mmoja halipaswi kupita ndani ya ukuta wa mbao wala dari hata kidogo. Mahali hapo hutaka kipande maalumu cha kupenyezea.

Kazi. Moto uachwe ufe, jiko lipoe, na kifuniko cha pambo kwenye ukuta au dari kifunguliwe. Unachotafuta ni ubao uliogeuka kahawia, sufi ya kuzuia joto ya ukutani au darini iliyosogezwa ikagusa bomba, au karatasi ya kufunika sufi iliyojikunja kwa joto. Kuona mwenyewe ni dakika ishirini. Kurekebisha ni kazi ya fundi aliyesomea mabomba ya moshi, si ya yeyote mwenye msumeno.

Hasara ya kukosea. Ukifungua ukakuta kila kitu kiko sawa, umepoteza siku moja ya joto na labda malipo ya fundi. Ukiacha majaribio ya mvuto, hakuna njia nyingine kati ya hizi ambayo kosa lake ni jepesi hivi.

Anayefaa. Ni yeyote asiyejua kilicho nyuma ya kifuniko, hata kama harufu yake ni ndogo.

Uchague vipi kwa hali yako

Ikiwa bomba ni la wiki hii, lina rangi nyeusi, na harufu inashuka kila unapofika joto lilelile, endelea na njia ya kwanza hadi moto wa tatu wa joto kamili, kisha upime upya.

Ikiwa harufu huja asubuhi unapowasha na kuisha ndani ya robo saa, anza na karatasi ya kupasha bomba na jaribio la dirisha kabla hujagusa saruji. Majaribio hayo yakikupa mvuto mzuri na kiungo bado kinanuka, hapo kuziba kuna maana.

Ikiwa umeona mchirizi wa kahawia, usiufute tu. Kagua mwelekeo wa vipande, kisha kagua kuni, kwa sababu kugeuza vipande kutazuia majimaji yasitoke nje lakini hakutazuia yasitengenezwe.

Ikiwa harufu iko jiko likiwa baridi, safisha bomba kwa brashi ya ukubwa wake, badilisha kuni, na uache kubana hewa usiku kwa muda. Isipoisha, tafuta kinachoivuta hewa kushuka: feni, urefu wa dohani, au dirisha la ghorofa ya juu lililo wazi.

Ikiwa jiko jipya limeungwa kwenye dohani ya zamani ya matofali, usihukumu bomba jipya peke yake. Masizi ya miaka iliyopita huamka kwa joto jipya, na dohani hiyo inahitaji kufagiliwa na kukaguliwa nyufa kabla ya lolote.

Ikiwa unakodi nyumba na hukushuhudia bomba likifungwa, mwombe mwenye nyumba maelezo ya aina ya bomba na kipande kilichotumika kupenyeza ukuta. Mpaka upate jibu au ukaguzi wa fundi, usiwashe moto mkali wala usilale jiko likiwaka.

Na ikiwa harufu ni mbili au tatu kwa pamoja, kama inavyotokea mara nyingi katika wiki ya kwanza, ufuate mpangilio huu: kwanza hakikisha ukuta na dari havipati joto, kisha jaribu mvuto, kisha kagua maungio, na mwisho acha rangi ikomae. Katika kila moto badilisha kitu kimoja tu, na uandike karatasini kile ulichobadilisha kabla ya kuwasha.